Kumbukumbu za Mkutano, Kifungu cha Nne

Mkutano ulifunguliwa kwa dua saa nne na robo,
dakika arubaini na tano baada ya muda.
Waliohudhuria: mia moja na kumi na wawili,
pamoja na watoto waliofuata soda.
Mimi ndiye karani. Kazi yangu kuandika
kilichosemwa, si kilichosikika.

Ukumbi wa Malindi una feni sita.
Mbili zazunguka.

Afisa wa Nyumba, Bwana Mwarandu, alisoma rasimu:
kaunti italipia nusu ya kodi kama zamani
kwa wajane, wazee na wasiojiweza,
ila (akameza mate, akageuza ukurasa)
mwenye chumba cha ziada atakatwa robo.
"Chumba cha ziada ni chumba chochote
ambacho hakikulaliwa na mtu
usiku wa ukaguzi."

Nyuma mtu akauliza: Na paka je?
Sikuandika.

Mjumbe wa wadi alisimama, kalamu tatu mfukoni.
Alisema hazina imetoboka. Alisema
hatuwezi kujaza pipa kwa kijiko
huku wengine wakioga kwa ndoo.
Akapigiwa makofi na safu ya mbele,
waliokuja kwa gari lake.

Kisha Kenga Nzaro wa Kisumu Ndogo, mpishi wa hoteli:
"Sisi tu sita chumba kimoja.
Mke wangu hubadili nguo nyuma ya mlango wa kabati.
Mshahara wangu hukatwa kila mwezi,
mimi silipiwi hata senti.
Simchukii bibi ya mtu.
Lakini hicho chumba kitupu,
usiku nakisikia."

Hapo hata feni zilisikika.
Nimeyaandika yote, neno kwa neno.

Bi Somoe Famau, jengo la tatu, nambari kumi na moja,
alikataa kipaza sauti, akasema kinanuka midomo ya watu.
"Kwetu Lamu, nyumba kati haikulaliwa.
Watu walizaliwa humo, walioshwa humo.
Mwenye nyumba aliingia mara mbili:
ya kwanza hajui,
ya mwisho hajui.
Nyumba zenu za baraza hazina nyumba kati.
Nimejitengezea.
Mna ubao, ndoo mbili,
na sanda niliyonunua kwa pesa za maandazi.
Mume wangu alioshwa humo.
Jirani wa juu alioshwa humo.
Mama Jumwa wa nambari tisa, Mkristo,
tulimvika humo gauni lake la kanisani,
maana kwake watoto walikuwa wamelala hadi mlangoni.
Sasa niambie, mwanangu:
hicho chumba kina watu wangapi?"

Bwana Mwarandu alitazama jedwali.
Halikuwa na safu ya hao.

Akaendelea, macho kwenye sakafu,
kama anayesoma kitu kilichomwagika:

*Futi mmetupimia, tanga hamlihesabu,*
*Siku ikiwafikia, mtaijua sababu,*
*Mlango mtaujia, mgonge bila aibu,*
*Nami tawafungulia, chumba chenu cha karibu.*

Mwenyekiti alishukuru, akasema muda umekwisha.
Kura haikupigwa; kisheria haya ni maoni tu.

Kwenye soda nilimwona Bi Somoe amemshika Kenga mkono.
"Wanao wakubwa wangapi?" "Wawili."
"Walete wasomee kwangu. Taa ipo.
Siku nikiwa na mgeni, nitawaambia."
Bwana Mwarandu, chupa mkononi, akawakumbusha kwa upole
Kifungu cha Tano: kupangisha bila kibali.

Nimeandika: 4.7, mwananchi mmoja alitoa maoni.
Yamepokelewa.
Na chini kabisa, penye *Mengineyo*,
nikaupachika ule ubeti.

Leo faili imerudi kutoka kwa mkuu wangu.
Amelizungushia neno *tanga* wino mwekundu,
akaandika pembeni:
"La chombo? Halihusiani na nyumba.
Futa."